Ukuta wa Sebuleni

Kwa miaka arobaini mzee huyu, mpiga plasta, alinyoosha kuta za watu huku za kwake zikipasuka. Sasa magoti yamemgomea, na hana budi kuuza nyumba akaishi kwa bintiye.

"Baba, tuite fundi azibe nyufa kwanza, tupate bei nzuri," binti alimwambia.

"Fundi aje kwangu mimi? Watu watavunjika mbavu kwa kucheka!"

Akaupiga plasta ukuta wa sebuleni mwenyewe, siku tatu, mwiko ukitetemeka mkononi. Ulipokauka, ulikuwa na mabonde na vilima. Afadhali zile nyufa. Binti aliuona, akachukua ufagio akafagia mabaki ya plasta sakafuni.

Mnunuzi alipokuja aliupapasa kwa kiganja, akaguna.

"Mzee, fundi wako huyu alikuibia mchana kweupe. Hii yote ni ya kubomoa."

Binti alifungua mdomo amtetee babake. Mzee akamuwahi.

"Ni kweli, bwana. Nilidhani bado anaijua kazi."

Hakubishana. Alikubali bei ya kwanza aliyotajiwa, akaomba kiti, akakaa akiupa ukuta mgongo.