Chumvi ya Kuazima

Nafundisha Kiingereza katika shule ya msingi hapa Kasese, na ugonjwa wangu ni kusahihisha. Mtu akichanganya "lose" na "loose", mkono unaniwasha. Mume wangu ni askari, yuko mpakani huko Bwera na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Yeye amenizoea. Ananiandikia ujumbe mfupi sana, nadhani ili makosa yawe machache.

Kambini kwetu nyumba zimebanana, na wake wa askari wametoka kila pembe ya Uganda. Tunaishi kwa kuazimana: leo chumvi, kesho kaa la moto. Nilichelewa kuelewa kwamba mara nyingi anayeomba chumvi anayo kwake. Anataka kukaa kizingitini kwako, aone kama umekula, akupe habari za mumewe. Kesho yake anarudisha kijiko kilekile, mnaongea tena.

Aliyekuja zaidi ni jirani tuliyepakana naye ukuta, mke wa koplo, mtu wa kaskazini. Alikuwa akijifunza Kiingereza kwa madaftari ya watoto wake. Asubuhi moja, tukiwa kwenye foleni ya maji, aliniomba kwa sauti, akijivuna kidogo: "Teacher, borrow me salt."

Ningempa tu. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu umezoea chaki. Nilitua jerikeni nikaeleza kwamba "lend" ni kutoa na "borrow" ni kuchukua. Kiswahili chetu kinatosheka na azima moja, Kiingereza hakitaki mchezo. Nikamtaka arudie. Alirudia mara tatu, wanawake wakicheka, na mara ya tatu alipatia kabisa. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani nimemsaidia.

Hakuja kuchukua hiyo chumvi. Wala wengine hawakuja tena. Salamu walinipa, tena za heshima, lakini nikipita walinyamaza kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu. Jioni nilikula peke yangu nikisikiliza vicheko vyao kupitia ukutani. Upweke ule uliniuma kuliko nilivyotaka kukiri.

Wiki ya tatu nilichukua kikombe nikaenda kugonga kwake. Kwangu kopo la chumvi lilikuwa limejaa. Mimi nilijua, naye huenda alijua. Nilimwomba kwa Kiswahili cha kambini, nikikivuruga makusudi ili nisisikike kama mwalimu. Alinijazia kikombe hadi juu, akanikabidhi kwa mikono miwili, akabaki amesimama mlangoni bila kunikaribisha nikae.

Nikamwambia nitairudisha kesho.

"Hapana sumbuka kurudisha, mwalimu," akasema. "Hiyo ni yako tu."