Simu Ilipofika Kwemkole

Harufu ya nguzo mpya za simu, zile zilizopakwa dawa nyeusi ya kuzuia mchwa, hunirudisha Kwemkole hata nikiwa nchi ya mbali. Ni harufu kali, kama lami iliyochanganyika na moshi, na baba yangu alikuwa nayo mwilini siku zote. Alikuwa fundi wa simu mjini Korogwe. Mama alilalamika kwamba hata mto wa kulalia unanuka nguzo.

Tuliishi Kwamndolwa, pembeni mwa mji huo. Likizo moja, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa, mama alipanda milimani Lutindi kumuuguza bibi yangu, na baba hakuwa na wa kumwachia binti wa miaka tisa. Akanipakia kwenye lori la nguzo, tukaenda upande wa Handeni, ambako kijiji kipya cha Kwemkole kilikuwa kinasubiri simu yake ya kwanza.

Kazi ya baba haikuwa kuchimba mashimo tu. Kila jioni aliketi na wanakijiji kuwaeleza simu ni kitu gani. "Waya huu ukifika hapa," aliwaambia, "mmeungana na Korogwe. Korogwe imeungana na Tanga, Tanga na Dar es Salaam, na Dar na dunia nzima." Niliamini kila neno. Nilibandika sikio kwenye nguzo ya mwisho iliyokwisha kufungwa waya, nikausikia ukivuma kwa upepo, nikawatangazia watoto wenzangu kwamba wale ni watu wa Ulaya wanasalimiana.

Asubuhi ya tatu tulikuta vigingi vinne vya kuonyesha njia ya waya vimeng'olewa na kupangwa vizuri kando, kama kuni. Aliyeving'oa hakujificha. Alikuwa Bibi Mwanahawa, mjane wa Kizigua, ameketi mlangoni kwake anapukuchua mahindi. Mwenyekiti wa kijiji alitaka mgambo waitwe. Baba akamwomba asubiri kidogo, akavua kofia, akamwendea yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Vigingi vyangu vimekukosea nini?"

Aliendelea kupukuchua. "Kule kwetu nilihamishwa, sikuulizwa. Kiwanja nikapewa hiki, sikuulizwa. Leo waya nao unapita, na wewe hukuniuliza."

Baba aliweka kofia yake chini. Kisha akachuchumaa. "Basi nakuuliza sasa, mama. Upite wapi?"

Bibi Mwanahawa alimtazama kama mtu anayepima kama anafanyiwa mzaha. Akainuka, akatupeleka nyuma ya nyumba. Hatua moja tu kutoka mahali pa kigingi cha tatu palikuwa na mawe madogo yaliyozunguka kituta cha udongo. Alilala hapo mjukuu wake, mtoto wa kwanza kuzikwa Kwemkole. Alituonyesha njia nyingine, ya kuzunguka shamba lake, na baba akaipima kwa hatua zake ndefu. Ilihitaji nguzo mbili za ziada na kona moja.

"Sawa," alisema.

Tulipokuwa tunaondoka, bibi akaita. "Fundi! Huo waya wako unafika kweli Ulaya?"

Mwanawe Athumani alikuwa huko, akisomea udaktari wa mifugo. Barua zake zilikuwa zikienda kijiji cha zamani, ambako sasa hapakuwa na mtu, na mama yake hakujua kuandika. "Akirudi," aliuliza, "atanikuta wapi?"

"Nitajaribu, mama," baba alisema.

Alijaribu. Aliandika barua kwa ofisi ya elimu akapata anwani ya chuo, akaandika chuoni wapange siku na saa. Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja, akanichukua tena. Ofisi ya kijiji ilijaa watu hadi madirishani. Bibi Mwanahawa alikuwa amejifunga khanga mpya. Baba akazungusha mpini mdogo ubavuni mwa simu, na sauti ya Korogwe ikampa Tanga, Tanga ikampa Dar, Dar ikasema tungoje. Tulingoja hadi mwenyekiti akaanza kukohoa. Ndipo baba akamkabidhi bibi mkono wa simu, na mimi nikajisogeza karibu na sikio lake.

"Athumani?"

Kimya.

"Athumani!" Hapohapo mlio kama wa mbu ukaanza na kukatika. Bibi akauteremsha ule mkono wa simu, uso umemsawijika. "Chukua, fundi. Hakuna mtu."

Lakini mimi nilikuwa nimesikia. "Bibi, yupo! Amesema 'mama,' nawe ukamfunika kwa sauti yako. Ukisema, nyamaza kwanza."

Akasema, akanyamaza. Safari hii akaisikia sauti ya mwanawe. Kisha akaanza kuzungumza Kizigua upesi upesi. Hakuuliza habari za Ulaya. Alisema tumehamishwa, usiende kule, utakuta majani. Ukishuka kwenye basi fuata nguzo za simu, waya unapokata kona ndipo kwangu. Akarudia mara tatu, hadi laini ikakatika.

Njiani nilicheka sana. Simu ya kwanza ya Ulaya, na bibi ameitumia kuelekeza njia! Baba hakucheka.

Athumani alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, na akafika kwa mama yake bila kumwuliza mtu.

Baba alipofariki nilikuta ndani ya sanduku lake barua ya onyo kutoka kwa mkubwa wake, kwa kupindisha laini na kutumia nguzo bila kibali. Hakuwahi kututajia. Wakati huo nami nilikuwa nimeshaingia katika kazi ya kuunganisha kompyuta, kwanza za nchi yetu, kisha za nchi na nchi. Nimekaa vikao vingi mbele ya ramani ambazo kila mstari umenyooka, nikiwaeleza watu, kama baba, kwamba wakiungana na jirani wameungana na dunia. Vijana wangu hukasirika ninapoahirisha kazi ili niulize nani anaishi pale mstari unapopita, na niende nikamsikilize. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba Bibi Mwanahawa hakuikataa simu hata siku moja. Alikuwa na jambo moja la kuiambia dunia, kwamba bado yupo na mahali alipo, na alitaka kwanza aje mtu wa kumwuliza.