Neno Ambalo Tumpale Hakuliimba

Mwalimu Osea hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mkulima wa kahawa kama sisi wengine wa kijiji cha Ruanda, na uwalimu wake ulikuwa wa kwaya tu, lakini aliubeba kana kwamba ameapishwa nao. Ukisalimiana naye njiani ukakosea neno, anakusahihisha kwanza, salamu inafuata. Mimi niliimba besi chini yake tangu tukiwa vijana mpaka kifua kiliponigomea, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mkewe, Tumpale, alimtoa Ileje. Huyo alikuwa na sauti. Siongezi chumvi. Akiwa uani anapukuchua mahindi na kuimba, mpita njia anasahau alikuwa anakwenda wapi. Osea mwenyewe alipenda kusema kwamba alikwenda Ileje kutafuta miche ya kahawa, akarudi na sauti ya kwanza. Ila Tumpale alikuwa Mndali hasa, na herufi r haikuwa na makao kinywani mwake. Karibu ilikuwa kalibu, barua ilikuwa balua. Nyumbani Osea alicheka. Kwenye kwaya hakucheka hata kidogo.

Mwaka tulioenda Mbeya kurekodi kaseti yetu, wimbo mkuu ulikuwa ule alioutunga yeye: “Amkeni wakulima, nuru imefika mlimani.” Kila ubeti ulikuwa na nuru yake. Fundi wa studio alimweka Tumpale mbele kabisa, karibu na maikrofoni, kwa sababu mwenye masikio alijua ndiye mwimbaji wetu. Tukajaribu mara moja. Fundi akasimamisha mashine, akauliza huku anacheka, hiyo nulu ni kitu gani. Wenzetu wengine wakacheka pia. Osea aliinamisha uso kwa aibu. Kisha akamwendea mkewe na kusema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nyuma yao na nilisikia.

“Mama Nesta, ukifika kwenye nuru, fungua mdomo tu. Usitoe sauti. Wenzako watakubeba.”

“Haya, Mwalimu,” Tumpale akajibu.

Siku zote alimwita Baba Nesta. Siku hiyo alimwita Mwalimu, na sidhani kama Osea aliligundua hilo.

Kaseti ilipendwa. Ilipigwa Ruanda, ikapigwa Hasamba, harusini na misibani, na Osea akawa mtu wa kunyooshewa kidole barabarani kwa sifa. Habari ya nuru na nulu ikasahaulika. Miaka ikaenda. Kaseti zikaisha mitaani, ikabaki moja, ya kwao nyumbani.

Tumpale alifariki mwaka juzi, kahawa ikiwa imeiva mitini. Tangu hapo Osea akawa anapiga kaseti ile kila jioni kwenye kiredio chao cha zamani, ambacho kinaifanya kwaya nzima isikike kama imefungiwa ndani ya debe. “Msikie huyo,” ananiambia. Mimi naitikia, ingawa ninachosikia ni mkwaruzo. Halafu siku moja akaniambia ukweli, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hamsikii tena. Hawezi kumtenga na Gwalugano, mwenzake wa sauti ya kwanza, wala na wanawake wengine, na picha za mkewe anazo nyingi, lakini sauti ndiyo hii tu, nayo inamponyoka. Nilimhurumia sana, mzee mkorofi yule.

Binti yake, Nesta, anauza vitenge Tunduma. Aliposikia hayo akasema baba yake aende, atamnunulia mziki wa maana, wenye spika zake. Osea akanishika mkono tukaenda wote, yeye kaseti ameiweka mfuko wa ndani wa koti, na kila baada ya muda anaigusa.

Tunduma kila duka lina sabufa, na kila sabufa inataka kuishinda ya jirani. Nilidhani Nesta atatupeleka kwenye mojawapo. Badala yake alitupandisha ghorofani kwa mtu anayeitwa Ambwene, kwenye chumba chenye mazulia ukutani na pazia zito, ambamo malori ya barabarani yalisikika kama yako wilaya nyingine. Tulimkuta anaagana na mteja wa kutoka Lusaka, wanacheka kwa Kibemba. Akatugeukia, akatupa shikamoo, akamuuliza Osea amekuja na wimbo gani. Utaratibu wake ni huo. Kwake hununui spika kwa kuzitazama. Unakuja na muziki unaoujua kwa moyo, unakaa kwenye kiti kimoja kilichowekwa katikati, unafunga mdomo na kusikiliza.

“Mziki mzuri haukuongezei kitu, mzee wangu,” alisema. “Unakuonyesha kilichokuwepo.”

Kwanza akatupigia sahani ya santuri ya dansi la zamani. Jamani, nilimsikia mpiga gitaa akiburuza kidole kwenye waya. Nilimsikia mtu akivuta pumzi kabla ya kupuliza tarumbeta. Spika kubwa nyeusi zilinifurahisha mimi, maana besi ilinitikisa mpaka mbavuni, lakini Osea alikataa, akasema zinajisifu. Ambwene akacheka, akahamishia waya kwenye spika mbili ndogo za mbao, zisizo na mbwembwe. Hapo Osea akatikisa kichwa kukubali. Kila chombo kilikuwa kimekaa mahali pake, unaweza kukinyooshea kidole. Akatoa kaseti mfukoni, akaifuta kwa leso, akampa.

Sikuwa nimejiandaa. Mkwaruzo ulipungua na kwaya ikasimama mbele yetu, watu wazima na afya zao. Gwalugano kushoto. Sisi wa besi nyuma, na mimi mwenyewe nimeshuka nusu sauti, aibu tupu. Halafu katikati, mbele, karibu kiasi cha kumgusa, Tumpale.

“Ndiye,” Osea alisema. Akaanza kulia bila kujificha, na Nesta akaja kusimama nyuma ya kiti akamshika mabega.

Amkeni wakulima, aliimba Tumpale, na sauti ilikuwa yake yote, safi, changa. Kisha wenzake wakaimba nuru, na yeye hakuwepo. Sauti ilikatika. Palibaki nafasi, na ndani ya nafasi ile ulisikia kabisa pumzi yake, pumzi ya mtu aliyefungua mdomo. Kisha akarudi: imefika mlimani.

Nilimwona Osea ameacha kulia. Ubeti wa pili ukaja, ikawa vilevile. Wa tatu, vilevile. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, na mimi nilijua anachokiomba, kwa sababu nami nilikuwa naomba hichohicho: kwamba ubeti wa mwisho, pale kwaya nzima ilipochangamka, Tumpale awe amesahau. Awe amekaidi mara moja tu. Ubeti wa mwisho ukafika. Tumpale akavuta pumzi, akafungua mdomo, akatii.

Osea aliomba upigwe tena. Ukapigwa. Ambwene akakunja uso, fundi wa watu, akasema anasikitika, kaseti imechakaa, huenda redio ya nyumbani imetafuna kanda hapo kwenye sauti ya mama.

“Haijatafunwa,” Osea alisema. “Nilimnyamazisha mimi.”

Nesta hakuelewa, akanitazama. Nilimweleza baadaye, pale ngazini. Spika hazikununuliwa. Ambwene alikuwa muungwana, hakutusukuma. Osea alimshukuru, akarudisha kaseti mfukoni, na njiani kuelekea Ruanda alinitamkia jambo moja tu, kwamba Tumpale alikuwa akimuuliza kila mara kwa nini kaseti ile ikipigwa nyumbani mumewe haimbi pamoja nayo, naye Osea akawa anamjibu kwamba mwalimu haimbi, mwalimu anasikiliza.

Nilidhani ataacha kuipiga. Hakuacha. Jioni nikipita kwake bado naikuta kwenye kiredio kilekile, na ananiambia kwamba hata humo sasa analisikia lile pengo, ambalo zamani hakulisikia. Anakaa na mikono magotini. Wanawake wakikaribia neno lile, anafungua mdomo na kuimba yeye, kwa sauti ya kizee isiyo na uzuri wowote.

“Nulu,” anaimba.

Mtu huyu alikuwa akisimamisha kwaya ya watu arobaini kwa sababu mmoja ameingia nyuma ya wenzake. Sasa namsikiliza yeye mwenyewe akiimba, na kila mara anachelewa kidogo.