Fundi wa Bati la Visu

Nitakachosema hapa hamtaamini, lakini nilikiona kwa macho haya. Hapa Bombambili, miaka hii ya ruksa ambapo kila chakavu cha Ulaya kinashushwa Songea, yupo fundi anayenyoosha chuma kwa kukipapasa. Masista walikuwa na trekta dogo la kukatia majani, likagonga kisiki, bati linalofunika visu likapinda. Walilileta kwangu kwanza, kama kawaida. Nikalinyoosha kiasi changu, halafu sijui nani akawapotosha, wakalihamishia kwake.

Huyo bwana kwanza ananawa mikono, utadhani anakwenda kula. Anafumba macho, anapitisha kiganja juu ya bati polepole, kama mama anayempima mtoto homa. Analipasha kwa mkaa, analigonga mara moja kwa nyundo ya mti, anapapasa tena. Vidole vyake havina hata kovu. Fundi gani huyo? Tena anapiga mluzi nyimbo za kanisani, na anazipatia, ndicho kinachoniudhi zaidi. Sista Notburga alipokuja akaliwasha trekta, visu vikazunguka bila kukwaruza popote, akacheka kicheko ambacho mimi hajawahi kunichekea. Nikaona nisiachwe hivihivi.

“Sista, pale pagumu nilishapanyoosha mimi, huyu kamalizia tu. Nyundo yangu ikitua mara moja, bati lenyewe linaogopa na—”

“Kweli, Sista, mjomba huyu ndiye aliyeanza,” fundi akasema, kidole kikipita juu ya mabonde matatu yaliyobaki kwenye bati. “Haya ni yake. Kisiki kiligonga mara moja tu.”