Gobore Lililokataa Kulia

"Yule mzee wako anampiga risasi marehemu ndugu yake," alisema Verna Yeagle, akijimiminia kahawa jikoni kwa Twila kabla hata hajakaribishwa. "Kila mwaka, siku ya mwisho ya msimu, jioni. Mlio mmoja tu, nyuma ya banda la kuni. Halafu kimya. Kaulize yeyote hapa bondeni."

Twila alikuwa anamfunga mtoto nepi. "Si mzee wangu, mama Verna. Ni jirani tu."

"Jirani gani unampelekea sahani kila Jumapili? Mimi nimekaa hapa miaka sitini, sijaletewa hata mfupa!" Akacheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Nakwambia kwa sababu una kichanga, mwanangu. Jumamosi ndiyo mwisho wa msimu. Na dirisha la huyo mdogo linatazamana na lile banda."

Verna alipoondoka, Twila alikisukuma kitanda cha mtoto wake Josie hadi ukuta wa upande wa pili. Akajiona mjinga, lakini hakukirudisha.

Mzee Alvah Strouse alikuwa na miaka sabini na minne. Thelathini kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiwanda cha mbao, na ncha za vidole viwili zilibaki hukohuko. Hakuoa. Mume wa Twila alikuwa kazini mbali, kwenye visima vya gesi, akirudi mara moja kwa majuma mawili. Kwa hiyo theluji iliyoziba mlango wa Twila ilikuwa inaondolewa alfajiri na mtu asiyebisha hodi. Akiamka anakuta njia imechimbwa, na nyayo zimerudi zilikotoka.

Kila mwaka, kesho yake baada ya Krismasi, wawindaji wa bunduki za kisasa wakishamaliza zamu yao, mlima unaachiwa watu wa magobore ya gumegume, yale yanayowashwa kwa cheche za jiwe. Alvah hakukosa hata siku moja. Alipanda na gobore lake begani, lenye kitako cha mbao ya mti wa mepo alichokichonga mwenyewe, na alishuka mikono mitupu. Wenzake walishuka wakiburuta kulungu kwenye theluji.

"Alvah, kulungu wa kule juu wanakusalimu!" walimtania dukani. "Wanasema wewe ndiye jirani mwema kuliko wote!"

"Nami nawasalimu," alijibu, akachukua mkate wake.

Lakini Twila, ambaye siku nyingi hakuwa na wa kuongea naye ila mtoto, alikuwa anaangalia. Alimwona siku moja amesimama ukingoni mwa msitu, na kulungu jike yuko mbele yake hatua thelathini hivi, anaguguna magome. Mzee hakuinua bunduki. Alivua kofia, akaishika kifuani mpaka mnyama alipoondoka.

Siku ya Mwaka Mpya Twila alimpelekea mzee nyama ya nguruwe na kabichi iliyochachuliwa, maana bondeni huamini kwamba bila hiyo mwaka hauanzi vizuri. Akaliona gobore limeegemezwa bandani, theluji imeingia mpaka kwenye kitako. Akalionea huruma. Akalibeba, akaliingiza ndani na kulisimamisha karibu na jiko la kuni. Mzee alipotoka chumbani na kuliona, alisimama kidogo, akaligusa mtutu.

"Bunduki ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto hutoka jasho, binti," alisema. "Jasho linaingia mpaka kwenye baruti." Akalirudisha bandani taratibu, akaja kula. Wala hakulitaja tena.

Jumamosi ikafika. Josie aliposinzia, jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima. Twila akasikia *ta!* ya jiwe kwenye chuma, kisha *fyuuu*, kama kiberiti kikubwa. Akaziba masikio ya mtoto, akangoja mlio.

Mlio haukuja.

Akaenda dirishani. Mzee Alvah alikuwa nyuma ya banda, kitako begani, mtutu umeelekezwa kwenye tuta la udongo. Moshi ulishatawanyika. Twila akaosha chupa za maziwa, akarudi. Bado amesimama. Akakunja nguo za mtoto zote, akarudi tena. Theluji ilikuwa imejaa kwenye kofia yake.

Akavaa koti la mumewe, akauacha mlango wazi ili amsikie mtoto akilia, akatoka.

"Usipite mbele!" Sauti ya mzee ilikatika kama kuni kavu. "Baki nyuma yangu. Hapohapo!"

"Nimebaki, mzee wangu. Kumetokea nini?"

"Baruti ya juu imewaka. Ya ndani haijawaka, au inawaka polepole, huwezi kujua. Unangoja dakika nzima, mtutu umeelekea pasipo na mtu. Ndiyo sheria. Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma."

"Lakini umesimama karibu nusu saa! Masikio yamekuwa ya bluu. Utaanguka hapa, na hilo gobore mkononi."

"Najua."

Mtutu ulikuwa unacheza: kwenye udongo, kwenye banda, kwenye udongo tena.

"Miaka arobaini na mmoja," alisema bila kugeuka. "Ilikuwa hivihivi, juu kule. Ikawaka ya juu tu. Ndugu yangu Merle akanicheka, 'We Alvah, umeshindilia uji humo!' Mimi nikawa nahesabu moyoni. Yeye akaja kunipangusia bunduki. Nilifika kumi na moja, nikageuka nimwambie apishe." Akakaza kitako begani. "Niligeuka pamoja na bunduki."

Twila akasogea, akaweka kiganja mgongoni mwa mzee. Koti lilikuwa gumu kwa barafu.

"Miaka yote hii, siku ya mwisho napiga udongoni kulitoa lile shindilio la baruti la msimu, linalia mara moja, naingia ndani. Sijawahi kungoja tena mpaka leo. Nahesabu, nikifika kumi na moja namsikia anacheka. Naanza upya."

"Ni mimi niliyeliweka karibu na jiko," Twila akasema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, mzee wangu."

"Ulilihurumia, binti. Hakuna kosa hapo." Mtutu ukacheza tena, akaurudisha kwenye udongo kwa nguvu zake za mwisho. "Siwezi kulishusha kabla ya kufika sitini. Nikilishusha kabla, nimemuua tena. Nihesabie wewe. Kwa sauti, polepole. Na ukifika kumi na moja, tafadhali, usisite."