Siku Kaa Walipotoka Majini

Mwezi uliopita, nikiwa nyumbani kwa kaka yangu juu ya Kianjokoma, maji ya mfereji yalikatika, kama yanavyokatika kila mara. Nikachukua mtungi na kuteremka kijitoni, njia ambayo sikuwa nimeishika kwa miaka mingi. Kabla ya kuteka niliinua jiwe, kwa mazoea tu ya utoto. Chini yake hapakuwa na kitu. Nikainua jingine, na jingine tena. Mchanga mtupu.

Ungekiona kijito kile wakati wetu, rafiki yangu. Nyanya alipotutuma maji jioni tulichelewa makusudi. Chini ya mawe kulikuwa na kaa weusi wenye hasira, konokono, na vidudu vya mikia mitatu ambavyo hakuna aliyejua jina lao. Kereng'ende walitutua vichwani. Tukirudi, nduma zilikuwa zinachemka jikoni, nasi tunawashwa macho na moshi, huku nyanya akichuja maji kwa kitambaa. Tulilalamikia wale wadudu. Yeye alisema hawezi kuwapikia watu wake kwa maji yaliyomshinda kaa.

Kisha jirani yetu akapanda mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo, hadi ukingoni. Asubuhi moja, baada ya kupiga dawa, aliosha pampu yake kijitoni. Tuliposhuka tulikuta kaa wametoka majini wenyewe, wamejaa nyasini juani, wakiyumba kama walevi. Sisi watoto tulifurahi ajabu. Ni nani aliyewahi kuokota kaa bila kuumwa kidole? Tulijaza kikapu, tukampelekea nyanya.

Alikichungulia, uso ukambadilika.

"Mwageni," alisema. "Hao hawakutoka kututembelea."

Kufikia jioni ukingo wote ulikuwa unanuka. Tangu siku hiyo nyanya alivuka mlima kuteka maji kwenye chemchemi ya upande wa pili, mgongo umeinama, na majirani wakamcheka kwamba anaringa. Alifanya hivyo hadi alipofariki.

Basi mwezi uliopita nilifika na mtungi wangu umejaa, mke wa kaka akanipokea akitabasamu.

"Umeona, anti, vile maji yetu siku hizi ni safi? Hata mdudu hakuna. Sisi hatuchujangi tena."

Alisema kwa fahari, na iliniuma. Nilimweleza kwa nini hakuna mdudu. Akaniambia wao huchemsha. Nikamwambia dawa haitoki majini kwa kuchemshwa. Kaka yangu alikuwa kando, anakoroga dawa ya mishiri yake kwa kijiti, akauliza bila kuinua kichwa:

"Sasa tuache kupiga dawa, tukule nini? Na ile chemchemi ya nyanya ilikauka, unajua."

Kesho yake mimi nilikuwa narudi mjini, kwenye maji ya chupa.

Ninachokililia si kaa peke yao. Nyanya aliyasoma maji kwa kuwatazama wao, na sasa wamekwisha, hakuna wa kumwonya mtu. Binti wa kaka, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, alikuwa ametusikiliza. Akaniuliza kaa ni nini. Nilimchorea kwa kijiti kwenye udongo wa uani: miguu minane, makucha mawili, macho yaliyochomoza. Aliutazama mchoro, akacheka. Akaniambia hakuna mnyama kama huyo majini, yeye huenda huko kila siku.

Kisha akachota kikombe kwenye mtungi niliouleta mwenyewe, akanywa chote.