Shikamoo Katikati ya Mbio

Kila nikifungua dumu la mafuta ya alizeti kutoka nyumbani, ile harufu nzito ya mbegu inanirudisha barabarani, miguu mitupu, vumbi jekundu mpaka magotini.

Dada, binti wa baba mkubwa, ndiye aliyenifundisha kukimbia tulipokuwa tukichunga ng'ombe. Asubuhi ile alituchua miguu kwa mafuta hayo, kwanza mimi, kisha yeye mwenyewe. Mwalimu wa shule ya michezo alikuwa amekuja kuchukua mtoto mmoja tu, atakayefika wa kwanza.

Tulikimbia mpaka kisimani na kurudi. Dada alikuwa mbele yangu, kama kawaida. Tulipokaribia shule, babu mmoja jirani yetu akatokeza barabarani na mbuzi wake. Dada akasimama, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani hawajambo? Mama yako mgongo unaendeleaje?"

Dada akajibu yote, macho chini. Mimi nikapenya katikati ya mbuzi.

Jioni babu alikuja kwetu kulalamika: "Huyo aliyechaguliwa kwenda shule amenipita kama kisiki." Bibi yetu akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, dada akasema, "Hakukuona, babu. Mbuzi walitimua vumbi jingi."

Babu akacheka, akanitakia safari njema. Dada akachota maji, akainama kuniosha miguu.

Nilikuwa nimemwona babu tangu mbali, nikajua dada atasimama.